Springi za gari la kupanda Lushoto: kushusha bila tairi kusugua fenda

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika kilomita hizo gari linapanda kutoka chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400. Barabara ni ya lami, lakini imebanwa kati ya mwamba na bonde, na kona zake zinafuatana hadi Soni na kuendelea. Hapo ndipo mtu aliyeshusha gari lake Tanga au Dar es Salaam, akalitumia miezi kadhaa bila kusikia lolote, husikia kwa mara ya kwanza mkwaruzo kwenye gurudumu la mbele. Tairi linasugua fenda. Mara nyingi ni msimu wa Idi au Krismasi, gari limejaa watu na mizigo ya kwenda nyumbani.

Mkwaruzo huo usichukuliwe kuwa kelele ya kupita. Ukingo wa fenda ni bati lililokunjwa, na tairi linapoligusa mara kwa mara bega lake linakatwa taratibu, mahali ambapo dereva haangalii. Bega ndilo sehemu dhaifu ya tairi, halina nyuzi za chuma kama zilizo chini ya kashata. Tairi lililokatwa hapo linaweza kupasuka siku ya kuteremka, upande mmoja kuna ukuta wa jiwe na upande mwingine hakuna kitu.

Makala haya ni ya wenye stesheni wagoni za Kijapani zinazopanda na kushuka Usambara kila siku: Toyota Probox na Succeed, Corolla Fielder, Caldina, Subaru Legacy na wenzake. Nasema mapema ninachokiamini, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinatokana nacho: springi haichaguliwi kwa kuangalia gari tupu lililosimama kwenye sakafu ya gereji. Inachaguliwa kwa kupima gari likiwa limejaa, na usukani umekatwa mpaka mwisho.

Kwa nini mlima hufichua kasoro

Mjini, gari lililoshushwa hupata mitihani yake mojamoja. Kwenye tuta springi zinabonyea lakini magurudumu yamenyooka. Kwenye maegesho usukani unakatwa mpaka mwisho lakini gari linatembea polepole na mwili wake haulali upande. Mteremko wa Soni unaileta yote pamoja. Dereva anakanyaga breki akiteremka, uzito unahamia mbele. Anaingia kwenye kona kali, mwili wa gari unalalia gurudumu la nje. Usukani umekatwa sana, kwa hiyo mbele ya tairi imeingia upande wa chasisi na nyuma yake imetokeza kuelekea fenda. Nafasi iliyotosha mjini inakwisha pale pale.

Nyuma kuna hesabu nyingine. Gari linalopanda na mzigo linaegemea ekseli ya nyuma, na mizigo ya Lushoto ni mizito: viazi, kabichi, karoti, na matunda ya msimu yanayoshushwa Mombo kwenda sokoni Dar es Salaam. Chukua mfano wa springi ya nyuma inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 2.5. Weka kilo 200 juu ya ekseli hiyo, yaani kilo 100 kila upande, na gari litashuka milimita 40. Kama ulikuwa umeshalishusha milimita 30 kwa ajili ya sura, sasa limeshuka milimita 70 kutoka pale kiwanda kilipoliweka, na bado halijakutana na shimo.

Je, ulishushe kabisa?

Kwa anayeishi Lushoto na kwenda mara kwa mara Mtae, Mlalo, Rangwi au vijiji vya Bumbuli, jibu langu ni hapana. Gari dogo la aina hii likiwa tupu lina takribani sentimita 15 tu kati ya tumbo lake na ardhi. Masika yakianza Machi, njia za udongo mwekundu zinachimbwa mifereji na magurudumu ya malori, na kinachobaki katikati ni tuta gumu lenye mawe. Kinachogonga hapo ni sampu ya injini au bomba la ekzosi. Sampu ikipasuka mbali na mji, oili inamwagika na injini inaweza kufa kabla hujajua kilichotokea. Udongo ule pia unaganda ndani ya fenda, na ukiganda unakula nafasi ile ile uliyoipima gari likiwa safi.

Anayeishi pwani na kupanda mara chache anaweza kushusha kidogo. Kidogo ninachokubali mimi ni milimita 20, ikizidi sana 25, kwa springi iliyotengenezwa kwa gari hilo na matairi ya saizi ya kiwandani. Zaidi ya hapo, kila milimita utailipia njiani.

Anza na tairi na rimu

Wengi hulaumu springi kwa kosa la rimu. Kabla ya kununua springi yoyote, soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. Kwenye 195/65R15, 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kipenyo cha milimita 634 na nusu. Ukiweka 205/55R16 unapata kama milimita 632, karibu sawasawa, ingawa limepanuka milimita 10. Lakini ukiweka 215/60R16, kipenyo kinafika milimita 664. Tairi limekua milimita 30, nusu yake imekwenda juu kuelekea fenda. Ukishusha gari hilo milimita 20 juu ya hapo, umeondoa nafasi ya milimita 35 na si 20.

Magari madogo yana mtego wao. Mtu anatoa 175/65R14 na kuweka 185/70R14 kwa sababu inaonekana ngumu na imepatikana kwa bei nzuri. Namba zinafanana, lakini kipenyo kimepanda kutoka milimita 583 hadi karibu 615. Spidomita nayo sasa inasoma pungufu, gari linakwenda kasi kuliko inavyoonyesha, na hilo kwenye mteremko lina uzito wake.

Rimu ina namba mbili za kuangalia, kwa kawaida zimechongwa nyuma yake au ndani ya mikono yake. Ya kwanza ni upana, kwa mfano 6J au 7J, unaohesabiwa kwa inchi. Ya pili ni ET, inayoeleza kwa milimita jinsi uso unaofungwa kwenye habu ulivyo mbali na katikati ya rimu. ET ikipungua, gurudumu linatokeza nje. Ukitoka rimu ya 6J yenye ET45 kwenda ya 7J yenye ET35, unatokeza milimita 10 kwa sababu ya ET, na karibu milimita 13 nyingine kwa sababu rimu imepanuka nusu inchi kila upande. Jumla ni kama milimita 23. Hakuna springi ya kushushia itakayosamehe hilo kwenye kona za Soni. Ninayemshauri kwanza ni yule aliyenunua rimu za mtumba kwa kuangalia nakshi zake: arudi akasome namba.

Baadhi ya mafundi hutatua msuguano kwa kukunja ukingo wa fenda kwenda ndani. Kazi hiyo ikifanywa kwa joto la kiasi na kwa subira inasaidia kwa milimita chache. Ikifanywa kwa nyundo, rangi inapasuka, na kwenye mlima wenye ukungu na mvua kama huu kutu huingia haraka mahali ambapo huoni.

Springi yenyewe

Springi fupi lazima iwe ngumu kuliko ile ya kiwandani. Sababu ni nyepesi: umepunguza safari ya gurudumu, kwa hiyo springi inapaswa kupokea kishindo kile kile katika umbali mfupi zaidi. Ikiwa fupi na laini, shokapu inafika mwisho, raba ya kuizuia inabanwa, na kishindo kinaingia kwenye bodi na kwenye mgongo wa abiria.

Hapa kuna mazoea ambayo naomba yaachwe. La kwanza ni kukata springi kwa msumeno au jiwe la grainda. Ni kweli kwamba springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja inaongezeka ugumu kwa asilimia 20. Lakini ncha iliyokatwa haina umbo la kukaa kwenye kiti chake. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi inalegea, inazunguka, na inaweza kutoka mahali pake. Likirudi chini inagonga, inakwaruza tairi au kukata waya wa ABS.

La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuichoma springi kwa moto mpaka ilale. Chuma cha springi kimepata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani. Moto wa gereji unaziondoa nguvu hizo katika sehemu iliyochomwa, na haijulikani itavunjika lini. Fundi akikupendekezea njia hiyo, mshukuru na umwambie hapana.

Springi za mtumba zinahitaji jicho. Nyingi zimetoka kwenye magari yaliyovunjwa, na springi iliyochoka huwa fupi bila kuwa ngumu, yaani ina ubaya wa springi fupi bila faida yake. Zisimamishe mbili mbili mezani na uzipime: ziwe na urefu mmoja, idadi moja ya mizunguko, unene mmoja wa waya. Unene huo usiupuuze. Waya wa milimita 11 badala ya 10, mengine yote yakiwa sawa, unaifanya springi iwe ngumu zaidi kwa karibu asilimia 46. Angalia pia alama za rangi zilizopakwa kwenye mizunguko; viwanda vinazitumia kutofautisha springi za gari lenye injini nyepesi na nzito, na za gari la kawaida na la foo wili. Fielder mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na springi tofauti kabisa.

Ukinunua mpya, nunua ya kampuni inayotaja gari lako kwa namba ya chasisi au ya modeli na inayoandika itashusha milimita ngapi mbele na ngapi nyuma. Eibach ya Ujerumani na Tein ya Japani zinaandika hivyo. Kwenye wagoni chagua seti inayoshusha nyuma kidogo kuliko mbele, au sawasawa. Seti inayoshusha nyuma zaidi haifai gari la mizigo hata kama picha yake inapendeza.

Shokapu zisisahaulike. Ya zamani iliyochoka haiwezi kuituliza springi mpya ngumu. Gari linarukaruka kwenye kona na tairi linapoteza mshiko, na kila mruko unalisogeza tairi karibu na fenda. Kama shokapu inavuja au gari likibonyezwa linacheza zaidi ya mara moja, nunua zote kwa wakati mmoja.

Kupima kabla ya kulipa

Tafuta sakafu tambarare. Pima kutoka katikati ya habu kwenda juu wima mpaka ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu. Usipime kutoka ardhini, maana upepo na saizi ya tairi vitakudanganya. Andika. Kisha jaza gari kama linavyojaa siku ya safari: watu wazima watano na mifuko miwili ya saruji nyuma, ambayo ni kilo 100. Pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mbonyeo wa mzigo wako. Ongeza hapo milimita unazotaka kushusha, na utajua gari litakaaje likijaa kabla hujanunua chochote. Springi mpya ikiwa ngumu zaidi, mbonyeo utapungua kidogo, lakini usiutegemee.

Jaribio la mwisho ni la fundi, na ni la thamani kuliko yote. Gari linawekwa juu ya stendi imara, springi inatolewa, na shokapu inarudishwa pamoja na raba yake. Gurudumu linainuliwa kwa jeki taratibu mpaka raba ile ianze kubanwa, huku mtu mwingine akikata usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bandika vipande vya udongo laini ndani ya fenda na kwenye plastiki yake, palipoguswa patajionyesha. Mimi nisingekubali nafasi iliyo chini ya milimita 10 popote, kwa sababu tairi linatanuka kwenye kasi, bushi zinacheza, na matope yanataka mahali pa kukaa. Kama tairi linagusa hapo, springi haiwezi kuwa dawa. Punguza tairi au rimu, au weka raba ndefu zaidi ya kuzuia.

Angalia nyuma kwa makini kama gari lako lina ekseli moja iliyoshikwa na fimbo ya ulalo kutoka upande mmoja wa bodi. Fimbo hiyo inazunguka kama mkono wa saa, kwa hiyo ukilishusha gari, ekseli nzima inasogea kidogo upande mmoja. Ndiyo maana wengine husikia tairi la kulia linasugua na la kushoto liko salama, wakabadilisha springi ya upande mmoja. Springi haikuwa na kosa.

Kwa wanaotaka kuinua

Watu wengi wa milimani, wakifikiri vizuri, watagundua kwamba wanachohitaji ni kinyume cha kushusha: springi za nyuma ngumu kidogo zenye kimo cha kiwandani, au kuinua gari milimita 20 hadi 30. Hilo ni jambo la busara kwa gari la mizigo na abiria. King Springs ya Australia ni miongoni mwa wanaotengeneza springi za namna hiyo. Spesa za alumini zinazowekwa juu ya shokapu nazo hufanya kazi zikiwa zimechongwa sawasawa na kufungwa kwa bolti zenye urefu wa kutosha. Raba za kupachikwa kati ya mizunguko sizipendi. Zinaua mzunguko uliobanwa na kuhamishia mateso kwenye mizunguko iliyobaki.

Ukizidisha kuinua, draivu shafti zinakaa kwa pembe kali, sivi jointi zinaanza kugonga usukani ukikatwa, na gari linalala zaidi kwenye kona. Tena usidhani gari lililoinuliwa halisugui. Walioinua huweka tairi kubwa, na tairi kubwa linasugua bampa la mbele na plastiki ya ndani usukani ukikatwa, kwa sababu kuinua hakuongezi nafasi ya mbele na nyuma ya tairi.

Breki na taa

Baadhi ya vani na wagoni za kazi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Inasoma kimo cha gari: nyuma ikishuka, valvu inaamini kuna mzigo na inapeleka breki zaidi nyuma. Ukilishusha gari bila kuirekebisha, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kwenye lami yenye maji gari likiwa tupu. Ukiliinua, breki za nyuma zinapungua. Muulize fundi kama gari lako linayo, na kama linayo arekebishe fimbo yake siku hiyo hiyo.

Taa zinahitaji kurekebishwa pia. Nyuma ikishuka, taa zinaangalia juu, na usiku wenye ukungu karibu na Magamba utamulika ukungu badala ya barabara na kumpofusha anayekuja. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka kila mwenye gari aliendeshe likiwa katika hali salama, na askari ana haki ya kukusimamisha kwa tairi lililokatwa bega. Mjulishe pia mtu wako wa bima kwa maandishi kwamba umebadilisha springi, kabla haijatokea ajali.

Siku ya kufunga

Springi ya mbele inatolewa kwa kifaa maalumu cha kuibana, viwili kwa kila springi, vikikazwa kwa zamu. Kuibana kwa waya au kamba kumewaumiza mafundi. Springi ikifyatuka ina nguvu ya kuvunja taya. Gereji isiyo na kifaa hicho isiguse gari lako.

Bolti za bushi zikazwe kabisa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, kamwe si likining'inia kwenye jeki. Zikikazwa likining'inia, raba za bushi zinajipinda gari linaposhuka na zinachanika mapema, kisha watu wanasema springi mpya zimeharibu gari. Baada ya hapo fanya wili alaimenti. Kama huko uliko hakuna mashine, ipange safari ya Tanga, Moshi au Dar es Salaam kabla tairi halijaliwa upande mmoja.

Safari ya kwanza panda mpaka Soni na mzigo wa kawaida, usimame mahali pa salama, na upitishe mkono kwenye mabega ya matairi yote manne, ndani na nje. Mstari unaong'aa au unyuzi uliosuguliwa ni jibu, hata kama hukusikia kelele. Rudia ukifika Lushoto na tena ukishafika Mombo, kwa sababu kuteremka kunapima sehemu tofauti na kupanda. Ukishatembea kama kilomita 500, pima tena kutoka habu hadi ukingo wa fenda. Springi mpya hulala milimita chache, na bolti zinahitaji kukazwa upya. Springi za kiwandani usiziuze kwa chuma chakavu. Zipake oili, zifunge kwenye gunia na uziandike mbele, nyuma, kulia na kushoto, maana zitahitajika siku utakapohamia juu au utakapoliuza gari kwa mtu wa Mlalo.